Kutoka Bukavu au Goma hadi Lubumbashi: namna ya kusaini na kuzoea klabu mpya

Kijana akiitwa na klabu ya Lubumbashi, mtaa mzima unajua siku hiyo hiyo. Mama anatafuta sanduku, marafiki wanaomba jezi, na hakuna anayeuliza kama jina la kwenye kadi ya mpiga kura linafanana na lile la cheti cha kuzaliwa. Tumeandika mwongozo huu kwa ajili ya kijana huyo na kwa mzazi atakayesaini pamoja naye. Mambo yanayorudisha wachezaji nyumbani mapema mara nyingi hayahusu mpira wenyewe, na karibu yote yanaweza kuzuiwa.

Hatua ya 1: Linganisha majina na tarehe kabla ya kufunga sanduku

Mkongo anabeba jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kuitwa). Mwalimu aliandika hivi, karani wa komine akaandika vile, katibu wa timu ya mtaa akaacha postinomu kabisa. Amisi, Amissi, Hamisi: kwenu ni mtoto mmoja, lakini kwenye mtambo wa usajili ni wachezaji watatu. Kila mchezaji aliyesajiliwa anapewa namba ya FIFA inayomfuata popote, na kutoka humo inatengenezwa pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Jina likiandikwa kwa namna mbili, orodha inapata mashimo. Utakapovuka mpaka, usajili utachelewa, na klabu iliyokulea itakosa haki yake.

Haki hiyo ina hesabu, na inafaa kuijua hata kama wewe binafsi huipokei. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tuseme umeuzwa dola 100,000. Dola 5,000 zinakwenda kwenye mgao. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una dola 250, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una dola 500. Klabu ya Kadutu, Bukavu, iliyokuwa nawe ukiwa na miaka 14, 15, 16 na 17 inapata 250 mara mbili na 500 mara mbili, jumla dola 1,500. Hizo ni mipira na jezi za watoto wa misimu kadhaa. Zinapotea kwa sababu ya herufi moja.

Kwa hiyo weka mezani cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, pasipoti kama unayo, na leseni zako zote za zamani za mchezaji. Mtu mmoja asome herufi kwa herufi, mwingine afuate kwa kidole kwenye karatasi nyingine. Kosa la kwenye cheti linarekebishwa kwa hukumu ya mahakama. Kalamu ya rafiki aliye ofisini haitoshi, na itakurudia. Omba pia barua ya klabu unayotoka inayosema kwamba imekuachia, yenye tarehe, sahihi na muhuri.

Kuhusu kukata umri: usikubali, hata kama anayekushauri ni kocha. Katika mashindano ya chini ya miaka 17, FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI tangu 2009. Tena tarehe uliyoiandika leo ndiyo utakayoishi nayo hadi ustaafu.

Hatua ya 2: Mjue anayekuita

Mwaliko wa kweli huja kwa maandishi, kwenye karatasi ya klabu, wenye jina na cheo cha aliyesaini. Piga simu kwenye ofisi ya klabu yenyewe, usitumie namba iliyoandikwa na huyo aliyekuletea habari. Wakala anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Tafuta jina lake humo. Anayedai dola 300 za «faili» au za viza kabla hujafanya mazoezi hata siku moja anaishi kwa hizo dola 300.

Kama bado una mkataba, klabu mpya lazima iijulishe klabu yako kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo nawe. Uko huru kusaini kwingine mkataba ukiwa umeisha au umebakiza miezi 6 au chini ya hapo. Na kwa aliye chini ya miaka 18, kuhamia klabu ya nchi nyingine kumekatazwa, isipokuwa katika hali chache zilizoandikwa kwenye kanuni. Ahadi ya majaribio Uturuki au Dubai kwa mtoto wa miaka 16 ifungeni hapo hapo nyumbani.

Hatua ya 3: Daktari kwanza, mkataba baadaye

Kanuni za FIFA zinasema mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya. Ukishasaini, klabu haiwezi kukuambia wiki inayofuata kwamba goti lako limeuvunja mkataba. Ndiyo maana klabu makini inakupima kabla. Wewe pia unafaidika: dai kipimo cha umeme wa moyo na, ikiwezekana, picha ya moyo, maana kuna kasoro za moyo ambazo hazionyeshi dalili yoyote hadi siku mchezaji anapoanguka uwanjani. Ukiwa na picha za zamani za goti au kifundo, zilete. Kuficha jeraha kunakupa wiki mbili za amani, kisha linajitokeza kwenye mazoezi mbele ya kocha aliyekuwa ameanza kukuamini.

Hatua ya 4: Soma mkataba ukiwa na kalamu mkononi

Usisaini usiku, na usisaini ukiwa peke yako. Omba nakala ulale nayo siku mbili. Mkataba wa Lubumbashi utakuwa kwa Kifaransa. Kama Kifaransa chako ni cha shule tu, mtafute mwanasheria au mwalimu unayemwamini akusomee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Pitia haya:

Muda. Mkataba wa kawaida hauzidi miaka 5. Aliye chini ya miaka 18 hapaswi kufungwa zaidi ya miaka 3, na mzazi au mlezi anasaini pamoja naye. Angalia tarehe ya kuanza: kuna mikataba inayosainiwa Julai lakini mshahara unaanza kuhesabiwa Septemba.

Mshahara. Uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa dola au kwa faranga, na kama ni faranga, ni kwa kiwango gani cha kubadilisha. Uandikwe kama ni kabla au baada ya kodi. Iandikwe siku ya kulipwa. «Mwisho wa mwezi» ni maneno mapana mno. «Tarehe 5 ya mwezi unaofuata» unaweza kuidai.

Fedha ya kusaini. Kama inalipwa kwa mafungu, kila fungu liwe na tarehe yake. Ahadi ya mdomoni ya fungu la pili huwa inaondoka pamoja na kiongozi aliyeitoa.

Nyumba, chakula, matibabu, tiketi. Nani analipa kodi ya nyumba? Nani analipa upasuaji ukivunjika mazoezini? Mshahara unaendelea ukiwa umelazwa? Tiketi ya kwenda nyumbani mwisho wa msimu ni ya nani? Kama jibu halimo kwenye karatasi, chukulia kwamba hakuna.

Kuongeza muda. Hiki ndicho kipengele tunachokichukia kuliko vyote: klabu inajipa haki ya kukuongezea mwaka mmoja au miwili kwa uamuzi wake peke yake, kwa mshahara ule ule. Omba kitolewe. Kikibaki, omba kiandikwe kwamba utakubali kwa sahihi yako, na kwamba mshahara utapanda kwa kiasi kilichotajwa.

Kila ukurasa uwekewe herufi za kwanza za majina yako na za kiongozi wa klabu, na ule wa mwisho sahihi kamili na muhuri. Usiondoke ofisini bila nakala yako yenye sahihi za pande zote mbili. Ipige picha palepale, umtumie mzazi wako. Nakala unayoambiwa «itakuja kesho» ndiyo inayokosekana siku ya ugomvi.

Kumbuka pia kwamba katika msimu mmoja unaweza kusajiliwa na klabu 3, lakini kucheza mechi rasmi kwa 2 tu. Kama tayari umechezea mbili, kuhamia ya tatu kutakuweka jukwaani hadi msimu mpya.

Hatua ya 5: Fika mapema, tafuta pa kulala penye utulivu

Fika siku tatu kabla ya mazoezi ya kwanza. Mwinuko hautakusumbua: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, chini kidogo ya Goma na Bukavu. Kitakachokushangaza ni majira. Juni na Julai usiku ni baridi kali na hewa ni kavu, midomo inapasuka. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi jekundu, kisha mvua inaingia karibu Novemba hadi Aprili. Leta fulana nzito ya kuvaa asubuhi.

Kama klabu haikupi nyumba, kwa miezi mitatu ya kwanza panga chumba karibu na uwanja, au panapofikiwa kwa gari moja tu. Mwenye nyumba atataka garanti ya miezi kadhaa, na komisyonere anayekuonyesha nyumba atataka chake. Garanti iandikwe kwenye karatasi, pamoja na hali ya milango, mabomba na waya. Kabla ya kulipa, rudi pale usiku. Uliza siku ambazo umeme unakatika na saa ambazo maji yanatoka, na usikilize kama kuna baa au kanisa la mkesha ukutani mwa chumba chako. Mchezaji anayelala saa tano kwa siku hawezi kuongeza nguvu, hata afanye mazoezi mangapi. Nunua chandarua siku ya kwanza, kabla ya televisheni.

Jambo dogo la rangi: nyeusi na nyeupe ni TP Mazembe, bluu na njano ni Saint-Éloi Lupopo. Klabu zote mbili zilianza mwaka 1939 na mji umegawanyika katikati yake. Ukiwa mchezaji wa upande mmoja, usionekane sokoni na jezi ya upande wa pili, hata kama ni zawadi ya binamu.

Hatua ya 6: Siku kumi za kwanza mazoezini

Salimia kila mtu kwa mkono: mlinzi wa lango, mama wa jikoni, mtunza jezi, daktari, kisha wachezaji. Waliokutangulia waite yaya (kaka) au mukubwa mpaka wenyewe wakuambie uwaite kwa jina. Usikae kwenye kiti chumbani mwa kubadilishia nguo kabla ya kuuliza ni cha nani. Mtunza jezi ndiye atakayekuambia saa za kweli, maana «saa tatu» ya ubaoni kwa kawaida maana yake ni saa mbili na nusu ukiwa umeshavaa.

Kiswahili kitakutosha mjini. Utaagiza ugali kwa jina la bukari badala ya bugari, na utaelewana. Uwanjani ni Kifaransa kifupi, na waliotoka Kinshasa wanazungumza Lingala kati yao. Jifunze maneno ya kelele kabla ya mazoezi ya kwanza: «seul», uko peke yako, geuka, «dans le dos», kuna mtu mgongoni, «monte», panda, «sors», toka umkabili. Mgeni anayecheza kimya anaonekana mwoga. Beki anayesema «dans le dos» kwa sauti siku ya kwanza tayari amemsaidia mtu, na mtu huyo atamkumbuka.

Siku tatu za mwanzo cheza mipira rahisi: miguso miwili, pasi kwa aliye karibu, rudi mahali pako. Vijana wanaotoka Mashariki mara nyingi wanataka kumpita kila mtu ili waonekane, na kocha anaandika «anapoteza mipira». Ustadi wako uonyeshe kuanzia wiki ya pili, watu wakishajua unakimbilia wapi. Mazoezi ya kwanza yakiisha, mwulize kocha msaidizi jambo moja tu: nikipoteza mpira, kocha mkuu ananitaka niende wapi?

Hatua ya 7: Njumu na nyasi bandia

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu magoti mengi yanaharibikia hapa. Goma watoto wanakulia kwenye changarawe ya lava. Bukavu kwenye udongo mgumu wa mlimani. Uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, una nyasi bandia. Nyasi hizo zinashika meno ya kiatu kuliko udongo. Ukiwa na njumu za nyasi asilia zenye meno marefu na machache, mguu unabaki chini wakati mwili unageuka, na kinachojipinda ni goti.

Geuza kiatu utazame chini. Kinachofaa nyasi bandia kina meno mengi, mafupi, ya mviringo, yaliyosambaa sawasawa, na kwenye lebo kumeandikwa AG. Chenye FG ni cha nyasi asilia. Chenye meno ya chuma kiache kabisa. Bonyeza kisigino: kisibonyee. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati ya unyayo. Sokoni utakuta mitumba mizuri, lakini tazama kama meno ya upande wa nje yameisha kuliko ya ndani, maana kiatu cha hivyo kitakulaza kifundo upande mmoja. Anza kuvivaa viatu vipya dakika 20 kwa siku, kwa siku nne au tano, kabla ya kuvichezea mechi.

Mchana wa Oktoba nyasi bandia inachoma hadi ndani ya soksi. Paka mafuta mazito mapajani na magotini kama unaanguka sana, na mchubuko uuoshe kwa maji na sabuni siku hiyo hiyo, hata kama ni mdogo.

Kabla ya mazoezi, mara mbili kwa wiki au zaidi, fanya mpango wa FIFA unaoitwa 11+: dakika 8 za kukimbia polepole, 10 za nguvu na mizani, 2 za kukimbia kwa kasi. Ndani yake mna zoezi la msuli wa nyuma ya paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unajishusha mbele polepole ukiwa umenyooka hadi mikono ikupokee. Anza na mara 3 hadi 5, na usiongeze haraka, maana maumivu ya siku ya pili ni makali. Likifanywa kwa uaminifu, zoezi hili linapunguza sana majeraha ya msuli huo.

Hatua ya 8: Chakula na dawa

Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Ukipungua kilo 1, kunywa kama lita 1 na nusu katika saa zinazofuata, si kwa mkupuo. Siku ya mechi kula chakula kikuu saa 3 hadi 4 kabla. Wali, viazi au bukari kiasi, pamoja na samaki au kuku, vinafaa. Sombe (kisamvu) yenye mafuta mengi ya mawese iache hadi usiku, maana inakaa tumboni. Kwa siku za kawaida, maharage, mayai na ndakala (dagaa) vinajenga misuli kwa bei ndogo kuliko unga wa makopo usiojulikana umetoka wapi.

Ukipata homa, pima malaria siku hiyo hiyo na umwambie daktari wa klabu kabla ya kumeza kitu. Dawa za kawaida za malaria hazimo kwenye orodha ya zilizokatazwa. Hatari iko kwingine. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoephedrine, iliyo kwenye orodha hiyo. Nayo dexamethasone, ambayo mtaani inauzwa kama pipi, ni ya jamii iliyokatazwa wakati wa mashindano. Tangu Januari 2022 sindano zote za jamii hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano, hata za kwenye kiungo. Usikubali sindano usiyoambiwa jina lake. Mizizi ya kuongeza nguvu ni vilevile: hakuna maabara itakayokubali neno la aliyeichimba.

Hatua ya 9: Fedha

Tuseme unapokea dola 600. Siku hiyo hiyo toa 150 uziweke mahali ambapo simu yako haifiki, kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi. Tuma nyumbani 120, kiasi kimoja kila mwezi, kwa mtu mmoja anayegawa. Ukimtumia kila anayepiga simu, mwezi unaisha tarehe 12, na aliyekosa anakasirika kuliko aliyepata. Kodi, chakula na usafiri vitoke kwenye zilizobaki. Primu za ushindi usizihesabu katika bajeti hata kidogo. Zikija, nusu ziungane na akiba. Na usimsainie mchezaji mwenzako mkopo.

Hatua ya 10: Ukikaa benchi, usipolipwa, ukitaka kuondoka

Mtanzania Mbwana Samatta alikuja Lubumbashi kutoka klabu ya Simba mwaka 2011 na akakaa hadi Januari 2016. Alibeba Kombe la Mabingwa la Afrika 2015 na TP Mazembe, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji. Ni karibu miaka mitano katika mji mmoja. Kwa hiyo miezi mitatu ya benchi isikutoe machozi. Baada ya wiki sita bila kucheza, omba dakika kumi za kocha, ukiwa na swali moja lililoandikwa: nirekebishe kitu gani ili niingie kikosini? Jibu lake lifanyie kazi kwa mwezi mzima, urudi. Ukiona nafasi haipo kabisa, omba kwenda kwa mkopo kwenye klabu ya Likasi au Kolwezi ukapate mechi, na uandikwe nani anakulipa huko.

Mshahara usipolipwa, andika. Weka daftari la tarehe na kiasi, na hifadhi ujumbe wote wa simu. Ikishatimia miezi miwili isiyolipwa, kanuni za FIFA zinakuruhusu kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, lakini lazima kwanza uipe klabu barua ya onyo yenye siku zisizopungua 15 za kulipa. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi yenye tarehe. Tuma nyingine kwa barua pepe. Kijana anayekasirika na kupanda basi kabla ya barua hiyo ndiye anayegeuka mvunja mkataba, na anaweza kudaiwa yeye fidia. Kwa klabu na mchezaji wa Kongo, kesi inaanzia kwenye vyombo vya FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo. Ukiwa umechezea nje, kama Tanzania ambako Wakongo wengi wanakwenda, unaweza kufika FIFA, bila ada kwa mchezaji, mradi haijapita miaka 2 tangu tukio.

Weka alama kwenye kalenda ya simu: miezi 7 kabla ya mkataba kuisha. Mwezi huo uulize kwa maandishi kama klabu inataka kuendelea nawe, kwa kiasi gani, na hadi lini. Wasipojibu katika mwezi huo, unaingia miezi 6 ya uhuru ukiwa na jibu lako tayari, na pasipoti ya mchezaji isiyo na shimo.